Breki za Nestori

Nilikwenda kwenye msiba wa Nestori kwa sababu nilitaka kumwona akiwa amenyamaza. Nasema hivyo bila haya. Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi, najulikana kwa upole, na wapo watu wazima wa Kasulu na Kibondo ambao hadi leo wakikwama na gari hunipigia mimi simu kabla ya kumtafuta fundi, kwa kuwa wanajua sitawacheka. Nitawaelekeza nati baada ya nati mpaka gari liwake. Upole huo ni wa kweli. Chuki yangu kwa Nestori nayo ilikuwa ya kweli, na niliitunza kama ninavyotunza gari langu, kwa kuipaka grisi kila ilipoanza kukauka. Kwa hiyo asubuhi nilipopata habari nilikagua maji, oili na mafuta ya breki, nikaondoka Kibondo na Landrova yangu ileile ya zamani. Nilipofika mteremko wa Busunzu nikapunguza mwendo na kutema mate dirishani, kama nifanyavyo kila nipitapo pale. Kisha nikaendelea na safari.

Sebule yake haikuwa imebadilika sana. Vitambaa vya kufuma juu ya makochi, kabati la vyombo lenye kioo kilichopasuka pembeni, na ukutani picha ya Nestori akiwa kijana, ameegemea boneti ya gari lake, mikono imekunjwa kifuani. Watu walikuwa wakimsifu. Mzee mmoja alisimama akasema hapajawahi kutokea Kasulu mtu aliyezijua breki kama marehemu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka chini polepole ili kisigonge sahani. Upande wa pili wa chumba, juu ya mkeka, mjane wake alikuwa ameketi, mguu wa kulia ameunyoosha mbele kwa sababu haukunjiki. Sisi tumemwita Mama Anisia tangu zamani, kwa jina la binti yake. Alinitazama juu ya vichwa vya waombolezaji, na midomo yake ikacheza kidogo. Katika chumba kile kizima ni sisi wawili tu ambao macho yetu yalikuwa makavu.

Ili mwelewe mtazamo ule inabidi niwarudishe kwenye mwaka nilipohamia Kasulu. Nilikuwa kijana, mwalimu wa darasa la nne, nimepewa chumba kimoja nyuma ya shule. Padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao aliniuzia Landrova yake iliyochoka, akaniachia na boksi la spana. Watu walidhani nitaiuza. Mimi nilianza kuifungua. Chini ya kitanda changu palikuwa na vifaa kuliko nguo. Nati nilizitia kwenye sahani ya bati iliyochorwa maua, niliyopaswa kulia chakula, na kula nilikula kwenye kifuniko cha sufuria. Usiku chumba kilinukia dizeli na sabuni ya kufulia, na hadi leo nikisikia harufu hizo mbili pamoja nahisi njaa, kwa maana ndiyo ilikuwa harufu ya kila mlo wangu. Nawaambia vijana wanaonijia wakiogopa kugusa magari yao: hakuna aliyezaliwa anajua. Fungua kitu kimoja, kisafishe, kirudishe kilipokuwa. Kesho fungua kingine.

Jumamosi tulikutana uani kwa Nestori. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na mafundi wa kulipwa walikuwapo mjini, lakini sisi tulikuwa aina nyingine ya watu. Tulikuwa wenye magari makuukuu tuliofurahia kuyatengeneza wenyewe. Nestori ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Alikuwa mcheshi. Siku ya kwanza aliponiona nimelala chini ya gari, miguu tu ikionekana, aliwaambia wenzake kwamba huyu mwalimu hatafuti mume, anatafuta jeki. Walicheka hadi wakashika mbavu, nami nikacheka humo humo chini, vumbi likaniingia mdomoni. Mkewe hakucheka. Alileta kigoda, akaketi karibu na kichwa changu, akaanza kuniuliza kila chombo kinaitwaje. Baada ya wiki chache nilikuwa nikinyoosha mkono tu kutoka chini ya gari naye ananiwekea spana niitakayo kiganjani. Mchana alitupikia ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, mara nyingine na dagaa. Miezi ya baridi mawese huganda kwenye chupa, kila mtu wa huku anajua, hivyo asubuhi aliisimamisha chupa karibu na mafiga, na ilipoanza kulainika ndipo tulipojua chakula kinakaribia.

Uani pale palikuwa na utaratibu tuliouita kuonja breki. Gari likishatengenezwa breki, hunyanyuliwa kwa jeki. Mwenye gari huketi kwenye usukani na kukanyaga, aliyetengeneza huzunguka na kujaribu kusukuma kila gurudumu kwa mikono. Kisha hubadilishana, ili kila mmoja asikie kwa mguu wake na kwa mikono yake. Mwenye gari akiridhika husema neno moja mbele ya wote, "Zimeshika," na chakula huletwa. Baada ya neno hilo breki ni za mwenye gari. Na ukizigusa tena, ukiongeza kitu au kufungua hata nati moja, hubebi mtu mpaka uwaite wenzako waonje upya. Hatukuwa na sheria nyingine. Tulikuwa tunaishi kwenye milima, na tuliokuwa tukiwapakia walikuwa wake zetu, waume zetu, na majirani wanaokwenda kliniki.

Masika yalipokuwa yanaisha Nestori aliniomba nimbadilishie raba za breki. Alisema mikono yangu ni midogo, inafika asipofika yeye. Nilizibadilisha zote, nikajaza mafuta mapya, tukatoa upepo kwenye paipu gurudumu moja baada ya jingine, Mama Anisia akikanyaga pedeli na mimi nikiwa chini nikimwambia kanyaga, shikilia, achia. Tulionja. Nestori alisukuma gurudumu la nyuma hadi mishipa ya shingo ikamtoka na gurudumu halikusogea. Akasema, "Zimeshika." Tukala. Siku hiyohiyo Mama Anisia alinionyesha chupa ya mawese aliyoletewa kutoka ziwani, yale mazuri ya mkamuo wa kwanza, akaiinua juani nikaiona ikiwaka kama taa. Ilizibwa kwa gunzi. Alikuwa anampelekea dada yake wa Busunzu aliyekuwa karibu kujifungua.

Yeye na mumewe walisafiri mwanzoni mwa kiangazi. Walifika salama, wakalala, na asubuhi walipoanza kurudi gari likawashinda kwenye mteremko, likaacha barabara na kugonga kichuguu. Nestori alichubuka kipaji cha uso. Mama Anisia alivunjika mguu juu na chini ya goti. Habari zilifika Kasulu kabla yao, na zilifika zikiwa na jina langu. Nestori alisimulia dukani, kanisani, kwa kila aliyekuja kumpa pole: mwalimu alibakiza upepo kwenye breki. Kila mara aliweka na kionjo chake, maana alikuwa msimuliaji mzuri. Alisema alipokanyaga ilikuwa kama anakanyaga ubao. Watu walitikisa vichwa. Walisema mikono ya mwanamke haina nguvu ya kukaza nati. Wengine walisema walijua tangu mwanzo. Lango la ua wa Nestori likafungwa kwangu. Mzazi mmoja aliyekuwa akiniomba nimpeleke mama yake hospitali kila mwezi alianza kumpeleka kwa baiskeli.

Yote hayo ningeyavumilia. Lililonikaa kooni ni hospitali ya Kibondo. Nilikwenda nikiwa na uji kwenye chupa ya chai na kanga mpya. Wodi ilikuwa ndefu, madirisha yamefunguliwa, na kitanda chake kilikuwa cha mwisho. Aliniona nikija tangu mlangoni. Nilipofika karibu aligeuza uso ukutani. Nikasimama. Mwanamke wa kitanda cha jirani alinong'ona na mwenzake kwa Kiha kwamba huyu ndiye yule wa breki. Niliweka uji juu ya kabati dogo nikatoka, na nilipofika nje nikakumbuka kwamba sikuacha kanga. Sikurudi ndani. Nilikwenda kuketi kwenye Landrova yangu, nikashika usukani, na katika kulia kwangu neno moja la Nestori likanirudia. Ubao.

Ngoja niwaeleze, ni rahisi. Breki za magari yetu yale husukumwa na mafuta. Mguu unasukuma mafuta, mafuta yanapita kwenye paipu nyembamba, yanasukuma raba kwenye gurudumu. Upepo ukiingia humo, mguu wako unabana upepo badala ya kusukuma mafuta, na pedeli huwa laini, inazama kama godoro. Haiwezi kuwa ngumu. Pedeli ikiwa ngumu kama ubao na gari lisisimame, maana yake njiani kuna kitu kimeganda na nguvu ya mguu haifiki kwenye gurudumu. Kwa maneno mengine, Nestori alikuwa anazunguka mji mzima akijishtaki kwa mdomo wake mwenyewe, na hakuna aliyemsikia. Hata mimi nilichelewa kusikia, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuamini kwamba mikono yangu ni mibovu. Hilo la kuniaminisha ndilo ambalo sikumsamehe.

Uhakika niliupata kwa Faustin. Huyu alikuwa mkimbizi wa Kikongo wa kambi ya Nyarugusu, fundi hodari wa huko kwao, na Nestori ndiye aliyemdhamini apate kibali cha kutoka kambini kuja kutengeneza lile gari lililoanguka. Jioni moja alikuja shuleni akiwa na kitu amekifunga kwenye jani la mgomba. Hakutaka kuingia chumbani, alisimama mlangoni akitazama nyuma.

"Mwalimu, ile mzee alisafisha kila kitu juu, na essence, petroli, inang'aa," alisema. "Lakini gurudumu ya mbele hakufungula. Mi njo nilifungula. Tazama."

Ndani ya jani palikuwa na raba niliyoifunga kwa mikono yangu. Ilikuwa imevimba, na kwenye mkunjo wake palikuwa na mafuta mazito ya rangi ya machungwa. Nilinusa. Hakuna mtu wa Kigoma anayehitaji kunusa mara mbili. Faustin aliniambia pia kwamba paipu ya gurudumu moja la nyuma ilikuwa imepasuliwa na jiwe na kukunjwa kwa koleo, kama tunavyofanya sote tukiharibikiwa njiani ili mafuta yasiendelee kumwagika. Hapo sasa niliiona safari yote. Jiwe, paipu, mafuta ya breki yamekwisha, na chupa iliyozibwa kwa gunzi nyuma ya kiti. Mchana wa jua mawese aliyoyamimina yalikuwa mepesi, breki zilishika mpaka Busunzu. Usiku wa baridi yakaganda.

Nikamwambia Faustin twende sasa hivi kwa wazee. Akashika mikono yangu yote miwili. Alisema karatasi yake ya kutoka iko kwa Nestori, na Nestori akikasirika yeye anarudi kukaa kambini na watoto wake watakula posho tu. "Mi sikuona kitu, Mwalimu," alisema. "Hii wewe ulitoa kwa kichwa yako." Nikaahidi. Ndiyo sababu sikusema siku ile, na ndiyo sababu nilichofanya baadaye ilibidi kitoke kichwani mwangu kweli. Niliitupa ile raba chooni ili nisishawishike kuitumia. Kisha nikaanza kusubiri. Nilifundisha hesabu, nikasahihisha madaftari, nikawasalimu watu walionigeuzia visogo, na moyoni nilikuwa nikifunga kitu kidogo kidogo, nikikaza hapa na pale. Ile ilikuwa furaha mbaya, lakini ilikuwa furaha. Nilinenepa katika wiki zile.

Mama Anisia alirudishwa nyumbani kabla kiangazi hakijaisha, na Nestori akatangaza kwamba Jumamosi gari lake litaonjwa. Sikualikwa. Jioni ya kuamkia siku hiyo, jua likiwa bado lipo, nilifungua breki za Landrova yangu mwenyewe, nikamwaga mafuta yote mazuri, nikajaza mawese kwenye paipu zote mpaka gurudumu la mwisho. Nilijua naziharibu raba zangu. Nililiacha gari nje lilale baridini. Asubuhi nililipeleka kwa Nestori kwa gia ya kwanza na breki ya mkono tu. Tafadhali msifanye hivyo. Njia ya kutoka kwangu hadi kwake ilikuwa tambarare na fupi, na mimi nilikuwa na hasira. Hizo ndizo sababu pekee nilizonazo.

Walikuwapo wote. Moshi wa jikoni ulikuwa umelala chini kwa baridi. Mama Anisia aliketi barazani kwenye kiti, mguu umepumzishwa juu ya kigoda kilekile cha zamani, fimbo magotini. Hakuniangalia. Nililiegesha gari mahali ua ulipoinama kidogo kuelekea lango, nikaweka mawe mbele ya magurudumu, nikaenda moja kwa moja kwa Nestori, nikapiga goti la heshima.

"Shikamoo, Mzee. Nimetengeneza breki zangu upya. Naomba uzionje wewe, mbele ya watu, ili kama mikono yangu ni mibovu ijulikane leo."

Alifurahi. Nilimwona anafurahi, na furaha yake niliila kama chakula. Aliwakonyeza wenzake, akapanda, akarekebisha kiti kwa madaha, akakanyaga. Kabla hajakanyaga mara ya pili alikuwa ameshatoa kichwa dirishani. "Upepo," alisema. "Amebakiza upepo tena, kama kwenye zile zangu." Watu wakacheka. Mmoja aliuliza kama shuleni nako ninawafundisha watoto hivyohivyo. Nilisubiri wamalize. Kisha nikatumia sauti yangu ya darasani, ile ninayotumia kwa mtoto ambaye hataki kusoma lakini nampenda.

"Sawa, Mzee. Hebu tusaidie sisi tunaojifunza. Upepo ukiwamo, pedeli inakuwaje?"

"Inazama," alisema. "Kila mtu anajua."

"Vizuri sana. Kanyaga tena taratibu. Inazama?"

Alikanyaga. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa gari, karibu naye kiasi cha kuona jasho likitoka juu ya mdomo wake katika baridi ile. Mguu wake ulikuwa umeshakumbuka kabla ya kichwa. Alikanyaga tena, na tena. Yule aliyeuliza habari za shule akamwambia, "Tuambie, Mzee, tusikie."

"Haizami," alisema kwa sauti ndogo.

"Ikoje?"

"Ngumu."

"Ngumu kama nini, Mzee?"

Alipangusa jasho kwa mgongo wa mkono. Halafu sauti ikatoka barazani.

"Kama ubao," alisema Mama Anisia. Alikuwa ameisikia hadithi ile kila siku, kitandani na nje ya kitanda. Sasa alikuwa ananitazama.

Nilifungua boneti, nikafungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki, nikachovya kijiti. Kilitoka na donge la rangi ya machungwa, gumu kama kipande cha sabuni. Sikulipeleka kwa Nestori wala kwa wanaume. Nilipanda barazani nikampa Mama Anisia, nikamwambia haya anayajua kuliko mimi. Alilinusa. Akalisugua kati ya vidole mpaka joto la mkono likaliyeyusha na kumchirizika kiganjani. Katika ndoa yao yote sikuwahi kumsikia akimwita mumewe kwa jina. Alimwita Baba Anisia, kama mke yeyote wa heshima. Siku ile alipitisha macho kwenye kioo cha gari langu, ambako mumewe alikuwa bado ameshika usukani.

"Nestori," alisema. "Uliniambia chupa ya dada yangu imevuja. Ilivuja wapi?"

Nestori alitazama mikono yake. Baadaye watu walisema angeweza kukataa, na ni kweli angeweza. Nadhani ni lile jina lililomvunja.

"Jiwe lilipasua paipu," alisema. "Ulikuwa umeingia kwa watu kuomba maji. Nilidhani yataturudisha nyumbani."

"Oya," Mama Anisia alikataa kwa Kiha. "Mimi nilirudi kwa machela."

Aliweka kijiti pembeni, akanyoosha mkono wake wenye mawese kwangu, nikaushika. Faustin alikuwa amesimama karibu na boksi la spana, macho chini, na hakuna aliyemwuliza lolote wakati ule wala baadaye. Chakula hakikuletwa. Mmoja mmoja waliwasha magari yao wakaondoka, na Nestori akabaki ameketi ndani ya Landrova yangu hadi nilipomwomba kwa adabu ashuke, kwa kuwa nilitaka kwenda nyumbani kuzisafisha breki.

Alituma watu kuniomba radhi. Niliwapokea, nikawapa chai na mihogo ya kuchemsha, nikawaambia wamwambie nitamsamehe siku goti la mkewe litakapokunjika. Walidhani natania. Jumamosi zikahamia kwangu, nyuma ya shule, na wake za wale wanaume wakaanza kuja nao, mwanzoni kwa kutazama, kisha kwa kushika. Mama Anisia alikuja kila wiki na kigoda chake. Hakumwacha mumewe, kama wengine walivyotabiri. Alifanya jambo lililokuwa refu zaidi. Hakupanda tena gari lake. Jumapili alitoka nyumbani mapema na fimbo, akaelekea kanisani kwa miguu, mguu mmoja ukichora mstari mavumbini, na Nestori akamfuata kwa gia ya kwanza, ameufungua mlango wa abiria, akimwomba. Hakumjibu na hakugeuka. Watu walitoka majumbani kuwaona wakipita, na watoto waliijua saa ya ibada kwa mlio wa gari lile lililokuwa linatembea polepole kuliko kilema. Ilikuwa hivyo Jumapili zote, mpaka gari likafa, na baada ya gari kufa Nestori alitembea nyuma yake. Nilihamia Kibondo miaka mingi baadaye, lakini kwa miaka yote niliyokuwa Kasulu walipita mbele ya dirisha langu, na sikuwahi kushusha pazia.

Nimewahi kujiuliza kama ilikuwa adhabu kubwa mno kwa chupa moja ya mawese. Njiani, penye jua kali, mbali na duka, mtu yeyote kati yetu angeweza kuitazama chupa ile na kuwaza alivyowaza. Hilo ningemfundisha mtu asilirudie na tungeliacha hapo. Lakini asubuhi aliijua pedeli kwa mguu wake kabla hajaanza kushuka, akampakia mkewe hivyohivyo kuliko kuwaita watu na kuchekwa. Kisha akachukua mikono yangu akaiweka mahali pa yake. Kila nikifika hapo jibu linakuwa lilelile. Haikuwa kubwa mno.

Basi, siku ya mazishi. Walikuwa wanampeleka kwao Titye, na vijana walikuwa nje wakijadili gari la kukodi, wakati Mama Anisia aliponyanyua fimbo kutoka mkekani na kusema marehemu atabebwa na Mwalimu. Anisia alimwangalia mama yake, akaniangalia mimi. Wazee wakakohoa. Jeneza likafungwa kamba nyuma ya Landrova yangu, waombolezaji wawili watatu wakaketi kandokando, na mjane akaletwa mbele. Nilidhani atapanda upande wa abiria. Alizunguka mpaka upande wangu, akajivuta akaketi kwenye usukani, akakanyaga pedeli kwa mguu wake mzima huku watu wote wakimtazama na padri akisubiri. Nikaenda kusukuma gari nyuma kwa mabega, mimi na vijana wanne. Halikusogea.

"Zimeshika," alisema Mama Anisia, kisha akahamia kiti cha pembeni.

Barabara ya kwenda huko ina mteremko mmoja mrefu. Mteremko ulipoanza nilishuka gia, na kwenye kona ya kwanza nikakanyaga breki, labda kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Gari liliinama. Nyuma yetu kamba zililia, jeneza likateleza mbele likagonga bati nyuma ya viti vyetu, mgongo kwa mgongo na Mama Anisia. Nikamwangalia, nikijiandaa kuomba radhi. Alikuwa anatazama barabara, mikono miwili juu ya fimbo.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Tukashuka hivyo hadi bondeni, taratibu, na kila nilipokanyaga, breki zilishika.